Kwa nini sikufupishii mvuto wa rivolva

Wengi wanaoniletea rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, huomba jambo moja: "Fundi, nifupishie triga." Wanamaanisha ule mvuto mrefu wa kufyatua bila kuinua nyundo kwanza kwa kidole gumba. Nafungua silinda, nahakikisha kila tundu ni tupu, kisha nauliza: kinachokusumbua ni urefu, uzito, au mikwaruzo ya njiani?

Aina hii ya triga ni ya zamani. Robert Adams wa London aliipatia hataza rivolva yake mwaka 1851, nayo ilifyatuliwa kwa namna hiyo tu. Tangu hapo kidole kimoja kinabeba kazi zote. Kinazungusha silinda, kinairudisha nyundo nyuma huku springi ikikazika, kisha kinaiachia. Silinda ya matundu 6 lazima izunguke nyuzi 60 kwa kila risasi, na ijifunge sawasawa na mtutu kabla nyundo haijaanguka. Nyundo nayo inahitaji mwendo wa kutosha ili ipige kwa nguvu fataki, kile kijisehemu cha kitako cha risasi kinachowasha baruti. Urefu wa mvuto unatokana na mahitaji hayo. Ukiupunguza, lazima kimojawapo kipungukiwe.

Nimeshapokea rivolva iliyopigwa tupa na mtu mwingine. Niliivuta taratibu huku kidole gumba kikiigusa silinda kwa wepesi, nikingojea ule mlio mdogo wa kizuizi cha silinda kuingia kwenye kijishimo chake. Nyundo ilianguka kwanza. Hapo risasi haielekei katikati ya mtutu. Inakwaruzwa ukingoni, na vipande vya risasi vinatoka pembeni kumwelekea mpigaji au aliyesimama karibu naye. Vipuri vile havikufaa tena. Chuma kilichoondolewa pembeni mwa ncha ya kuachia nyundo hakirudi.

Mara nyingi dawa ni ulaini. Nasafisha grisi iliyoganda, naondoa vinundu, nang'arisha nyuso zinazosuguana bila kugusa pembe zake. Rivolva nyingi hutoka kiwandani zikihitaji nguvu ya kama kilo 5, na baada ya kazi hiyo uzito uleule huhisi mwepesi, kwa sababu kidole hakikwami tena njiani. Kama kidole hakifiki vizuri, nabadilisha mpini, si triga.

Sehemu ninayokubali kuifupisha ni mwendo wa ziada baada ya nyundo kuachiwa. Hapo naweka kizuizi nyuma ya triga, ila naacha nafasi ndogo, maana kikikaa karibu mno uchafu kidogo tu utaizuia nyundo isiachiwe.

Springi kuu siilegezi ovyo. Alama ya kina kifupi juu ya fataki ambayo haikulipuka hunifanya nishuku kwamba mtu kailegeza springi hiyo. Rivolva haitoki kwangu kabla sijaijaribu kwa risasi zilezile anazotumia mwenyewe, tundu moja baada ya jingine, mara kadhaa kila moja.