Bawa la nyuma haliongezi mbio

Juzi nimeletewa tena maneno yale yale, safari hii na kijana mwenye Demio: "Fundi, nitengenezee bawa kama la STI, gari lichanganye." STI ni ile Subaru Impreza ya mbio. Natengeneza bodi za faiba hapa Mombasa, bampa, sketi na mabawa, na kazi ya bawa siikatai. Ninachokikataa ni hiyo sababu. Bawa linaligandamiza gari chini ili tairi zishike lami vizuri kwenye kona na wakati wa breki, na kwa kazi hiyo linakula mwendo na petroli. Halitoi mbio hata chembe.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayotakiwa kuushinda inaongezeka mara nane. Mgandamizo wa bawa nao unafuata mkondo huo huo: ukiwa 60 unapata robo tu ya unachopata ukiwa 120. Sheria yetu inaishia 110. Jumlisha mwenyewe.

Asiyesadiki aitazame Bugatti Veyron ya 2005. Ili ifike kilomita 407 kwa saa, dereva lazima atumie ufunguo wa pili. Gari linajishusha, na bawa la nyuma linarudi chini karibu lote. Bawa likiwa limesimama, mwendo unaishia 375 hivi. Yaani waliotaka mbio kuliko wote walianza kwa kulificha bawa. Kabla yao kulikuwa na Lamborghini Countach, gari lililochorwa na Marcello Gandini. Kuanzia LP400 S ya 1978, mnunuzi aliweza kuagiza bawa kubwa la nyuma. Lilipunguza mwendo wa juu, na watu waliliagiza hivyo hivyo kwa sababu ya sura. Mimi nawaelewa kabisa. Gari lako, pesa zako, na urembo ni sababu halali. Sema tu kwamba unataka urembo, nikutengenezee urembo unaopendeza.

Linaloniudhi zaidi ni imani ya pua. Watu wanadhani gari lenye pua kali linachoma hewa kama mshale, na lenye pua butu linagonga ukuta. Hewa haichomwi. Inaanza kujigawa kabla gari halijafika, na pua ya mviringo inatosha kuipitisha. Balaa liko nyuma. Itazame feri ya Likoni ikivuka: maji ya mbele yanasukumwa na kupita, ila kule nyuma feri inaburuta maji yaliyotibuka njia nzima. Gari nalo linaburuta hewa iliyotibuka, na mzigo huo ndio unaoulipia petroli.

Jaguar E-Type ya 1961, kazi ya Malcolm Sayer, ina pua ndefu kuliko magari mengi uliyowahi kuyaona, na kwangu ni miongoni mwa magari mazuri kupita yote. Kipimo chake cha ukinzani wa hewa (namba ikiwa ndogo, hewa inapita kwa urahisi zaidi) hutajwa kuwa 0.44 hivi. Toyota Prius ya 2009, hii hii inayofanya teksi Nyali, ina 0.25. Pua haikuamua. Kilichoamua ni kioo cha mbele, vyuma vilivyochomoza chini ya gari, njia ya hewa ya rejeta, na jinsi hewa inavyoachana na mkia. Paa la Prius linashuka polepole, kisha linakatwa ghafla kwa ukingo mkali, umbo ambalo mhandisi Wunibald Kamm alilishughulikia tangu miaka ya 1930.

Ukingo huo mkali ndio mahali ambapo mchoraji na mtu wa hewa hugombana kweli. Mchoraji anapenda mgongo wa mviringo usio na mkato. Audi TT iliingia sokoni 1998 na mgongo wa namna hiyo, bila spoila, yaani ule ukingo unaoinuka mkiani. Hewa ilipoufuata mviringo kwenda chini, ilivuta nyuma ya gari kwenda juu. Zikatokea ajali za mwendo mkali kwenye barabara kuu za Ujerumani, nyingine zikaua. Magari yakaitwa kiwandani, yakapewa spoila ndogo kwenye buti, sasipensheni ikarekebishwa, na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza ukaongezwa. Ni ukingo mdogo tu, unaweza kuupita bila kuuona. Porsche walikuwa wameshalitatua jambo kama hilo kwenye 911 Carrera RS ya 1973 kwa kile kimkia kilichoinuka kama cha bata, na leo kimkia hicho ndicho kinachopendwa zaidi kwenye gari zima.

Napima hivi. Nakata nyuzi za sufu za urefu wa kidole, nazibandika kwa tepu safu kwa safu kutoka mwisho wa paa, juu ya kioo cha nyuma, hadi ukingo wa buti. Tunakwenda barabara ya Dongo Kundu asubuhi, mmoja anaendesha, mwingine anafuata na gari lake huku abiria wake akirekodi. Uzi uliolala ukaelekea nyuma unasema hewa imeshikamana na bodi. Uzi unaotapatapa, au uliogeuka ukaelekea mbele, unasema hewa imeshaachana nayo. Kwenye magari mengi ya saluni, yale yenye buti, uzi wa chini ya kioo unatapatapa, na ni hapo hapo watu wanapotaka bawa fupi. Bawa lililokaa ndani ya hewa iliyovurugika linabaki kuwa uzito.

Nisifiche: nyuzi zinaonyesha njia ya hewa, hazipimi kilo. Bila handaki la upepo, chumba cha kupulizia gari hewa na kulipima, bawa langu lolote siwezi kulitajia uzito linaotoa, na kusi likipiga ubavuni picha yote inabadilika. Hata wenye mahandaki hawako salama. Mercedes CLR zilipaa na kupinduka kwenye mashindano ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1999, mara tatu ndani ya mashindano hayo hayo.

Sasa hiyo Demio. Inavutwa na magurudumu ya mbele. Tuseme bawa linatoa kilo 20 na limekaa nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma. Kati ya ekseli mbili kuna mita 2.5 hivi. Ukibonyeza nyuma ya ekseli hiyo, pua inainuka kama mizani: mbele kunapungua kilo 4, pale pale kwenye tairi zinazovuta na kupiga kona. Tundu la boneti nalo hivyo hivyo: kwenye Impreza linalisha intakula, kipoza hewa ya tabo, iliyokaa juu ya injini, kwenye Demio linabandikwa juu ya bati zima. Na wanaoziba grili kwa bampa la urembo watakutana na geji ya joto wakipanda Mazeras.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, anzia chini ya gari. Bapa la plastiki ngumu kutoka bampa la mbele hadi chini ya injini linasafisha hewa kuliko bawa lolote ninalouza. Liwe juu ya kutosha kupita matuta yetu, liache nafasi karibu na bomba la ekzosi, na lifungwe kwa bolti, si riveti, maana fundi wa oili atalifungua kila sevisi.