Faragha Marekani: sheria humfuata aliyeshika taarifa

Mtu wa Kenya au Tanzania amezoea sheria moja inayogusa benki, hospitali, shule na hata duka la mtandaoni: Kenya ina ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Akifika Marekani huulizia iliyo sawa na hiyo, na wengi humjibu kwa neno moja: HIPAA. Jibu hilo limepotosha watu wengi.

Dhana: Kuna sheria moja ya shirikisho inayolinda taarifa za kila mtu

Haipo. Kuna viraka, kila kimoja na sekta yake. HIPAA ya 1996 ni ya afya, FERPA ya 1974 ni ya shule na vyuo vinavyopokea fedha za Wizara ya Elimu, GLBA ya 1999 ni ya taasisi za fedha, COPPA ya 1998 ni ya huduma za mtandaoni kwa watoto walio chini ya miaka 13. Privacy Act ya 1974, ambayo jina lake hudanganya, inazibana idara za serikali ya shirikisho tu.

Chukua kadi ya chanjo ya mtoto. Ikiwa kwenye faili la daktari, kwa kawaida inalindwa na HIPAA. Nakala ikiingia kwenye jalada la shule ya umma, inakuwa kumbukumbu ya elimu chini ya FERPA. Mama akiandika tarehe zilezile kwenye programu ya simu aliyoipakua mwenyewe, kwa kawaida HIPAA haiwahusu wenye programu hiyo. Atakayewafuata wakidanganya watumiaji ni Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Taarifa ni ileile, mshikaji ndiye aliyebadilika.

Dhana: Bosi akiuliza kama nimechanjwa, amevunja HIPAA

Hajaivunja. HIPAA inawabana bima za afya, vituo vinavyopanga upya madai ya bima kielektroniki, watoa huduma za afya wanaotuma madai hayo kwa mtandao, na kampuni zinazowafanyia kazi. Mwajiri kama mwajiri hayumo, wala jirani mwenye mdomo. Maswali ya bosi kuhusu afya yana sheria zake nyingine.

Hapo kwenye "wanaotuma madai kwa mtandao" ndipo wenye kampuni za kuhudumia wazee majumbani hujikwaa. Kampuni inayolipwa taslimu na familia pekee inaweza kuwa nje ya HIPAA. Siku inapoanza kutuma madai ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kompyuta, imeingia, na haingojei barua ya kuijulisha.

Dhana: Tumeajiri kampuni ya nje, kwa hiyo mzigo ni wake

Mzigo ni wa wote wawili. Anayeshika taarifa za wagonjwa kwa niaba ya kliniki, awe wa kuandaa bili au wa kuhifadhi mafaili mtandaoni, lazima awe na mkataba maalumu uitwao BAA kabla ya kupewa faili la kwanza. Kukosa mkataba huo ni kosa hata kama hakuna kilichovuja. Tangu kanuni za 2013, kampuni hiyo ya nje nayo hutozwa faini moja kwa moja, na ikimpa kazi mtu wa tatu inabidi iandikiane naye mkataba wa aina hiyohiyo.

Taarifa zikivuja, watu huchelewa kwa sababu wanasubiri uchunguzi uishe. Saa huanza kuhesabu siku uvujaji ulipogunduliwa, au ulipopaswa kugunduliwa kwa uangalifu wa kawaida. Wagonjwa wajulishwe bila kuchelewa, na siku 60 ni ukomo wa mwisho, si muda wa kupumzika. Wakiwa 500 au zaidi, Wizara ya Afya nayo hujulishwa ndani ya muda huo. Wakizidi 500 katika jimbo moja, na vyombo vya habari pia.

Dhana: Nimefuta jina la mgonjwa, naweza kutuma kwenye kundi la WhatsApp

Chini ya HIPAA, jina ni kitambulisho kimoja kati ya 18 vinavyotakiwa kuondolewa ili mgonjwa asitambulike. Vingine ni picha ya uso, tarehe ya kulazwa (mwaka unaruhusiwa), namba ya simu na namba ya faili.

Dhana: Ofisi ndogo ya kujaza fomu za kodi haihusiki na sheria za benki

Inahusika. Chini ya GLBA, mwandaaji wa kodi na kampuni ya kutuma fedha ni taasisi za fedha. Ofisi yenye taarifa za wateja wasiofika 5,000 imesamehewa baadhi ya makaratasi, kama tathmini ya hatari ya maandishi, lakini lazima imteue mtu mmoja wa kusimamia usalama, ifunge taarifa kwa usimbaji (encryption) na itumie uthibitisho zaidi ya nywila. Mtu huyo anaweza kukodiwa nje. Uwajibikaji haukodishwi: unabaki kwa ofisi, na lazima mkubwa mmoja wa ndani awe anamsimamia.

Dhana: Mzazi anayelipa karo ana haki ya kuona matokeo ya chuo

Mwanafunzi akishaingia chuoni, haki za FERPA ni zake, hata kama ana miaka 17. Chuo kinaweza kumwonyesha mzazi ikiwa mtoto ni tegemezi wake kikodi, lakini hakilazimiki.

Dhana: Nitaishtaki hospitali kwa kuvunja HIPAA

HIPAA haimpi mgonjwa haki ya kufungua kesi. Anachoweza ni kulalamika kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Afya ndani ya siku 180 tangu alipojua. Kesi mahakamani itafutiwe msingi kwenye sheria za jimbo. Lakini si viraka vyote viko hivyo. Mwajiri akipekua historia yako kupitia kampuni inayouza ripoti za historia za watu bila ridhaa yako ya maandishi, FCRA ya 1970, sheria ya ripoti hizo, inakuruhusu kumshtaki mwenyewe, na akithibitika alifanya makusudi, fidia ni dola 100 hadi 1,000 hata bila kuonyesha hasara.