Je, wajua? Kauri ya kifalme ya Sèvres ilianza bila udongo wa kauri

Wengi hudhani kwamba vyombo vya Sèvres, kiwanda cha kauri cha Ufaransa, vya enzi ya mfalme Louis XV, vile vya buluu, waridi na dhahabu, vilifinyangwa kwa kaolini, udongo mweupe waliotumia Wachina. Sivyo. Kiwanda kilianzia Vincennes mwaka 1740, kikahamia Sèvres mwaka 1756, na miaka mitatu baadaye mfalme akakimiliki chote. Kaolini ya Ufaransa ilikuja kugunduliwa Saint-Yrieix, karibu na Limoges, mnamo 1768.

Kabla ya hapo mafundi walitumia kitu kilicho jamaa ya kioo. Mchanga, shura, chumvi, magadi, shabu na jasi viliyeyushwa pamoja, vikasagwa, vikachanganywa na chokaa na udongo kidogo. Donge lake halikushikana, hata likatiwa sabuni au gundi ili lifinyangike. Tanurini, joto likizidi kidogo tu, chombo kililegea na kupinda.

Ndiyo maana huitwa kauri laini, na wengi huichukulia kuwa mwigo duni. Hapo ndipo wanapoikosea haki. Kauri ngumu ya kaolini huchomwa kwenye nyuzi kama 1,400 za Selsiasi, na ngozi yake ya nje, ule utando unaong'aa kama kioo, hukomaa kwa moto huohuo. Rangi zikipakwa baadaye na kuchomwa kwa moto mdogo, ngozi ile haitikisiki. Kauri laini ilivikwa ngozi yenye madini ya risasi, ambayo hulainika upya kwa moto huo mdogo, na rangi ikazama ndani yake. Fikiria samli: chapati ya moto huinywa, iliyopoa huiacha ikae juu. Buluu ya anga ya Sèvres, iliyoanza kutumika mwaka 1753, ina kina cha ajabu kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo hata kaolini ilipopatikana, kauri laini haikutupwa. Catherine II wa Urusi alipoagiza vyombo vyake mwaka 1776, zaidi ya vipande 700, vilitengenezwa kwa kauri laini, vikiwa na buluu hiyohiyo. Ni mkurugenzi wa kiwanda, Alexandre Brongniart, aliyekomesha utengenezaji wake, mwaka 1804.

Tahadhari kwa mnunuzi: kiwanda kiliuza akiba ya vyombo vyeupe visivyopambwa, na wachoraji wa nje wakavipamba kwa mtindo wa kale. Chombo kinaweza kuwa cha Sèvres kweli, na mapambo yake yasiwe.