Bunduki kumi za easofti si biashara kamili

Wapenzi wengi wa easofti, mchezo wa timu mbili kulengana kwa bunduki zinazorusha gololi za plastiki za milimita 6, huamini kwamba ukinunua bunduki kumi na kuzikodisha wikiendi hapa Mwanza, riziki imepatikana. Inaeleweka, maana bunduki ndiyo huonekana kuwa mtaji wote.

Pesa huliwa na vitu vidogo. Kilo moja ya gololi za gramu 0.20 ina gololi 5,000; wachezaji kumi wakipiga 1,000 kila mmoja, kilo mbili zimekwisha. Kwenye bunduki ya umeme meno ya pistoni hunyofoka, hasa mtu akifunga betri ya volti 11.1 kwenye giaboksi, yaani kisanduku cha gia ndani ya bunduki, iliyotengenezwa kwa volti 7.4. Tenga fungu la vipuri kabla ya kuhesabu faida.

Mawe yetu ni maficho mazuri kweli, ila gololi ikigonga jiwe hurudi kwa kasi au hupasuka. Kila aliye karibu, hata mtazamaji, avae miwani ya kinga iliyoziba pembeni. Mchana upepo wa ziwani hupeperusha gololi nyepesi, kwa hiyo chezeni asubuhi, na mziokote zote mvua isizipeleke ziwani.

Nguvu ya bunduki unaweza kuikokotoa mwenyewe: nusu ya uzito wa gololi kwa kilo, mara kasi yake kwa mita kwa sekunde, mara kasi hiyo tena. Gololi ya gramu 0.20 ikienda mita 100 kwa sekunde ina jouli 1 (jouli ni kipimo cha nishati). Peleka hesabu hiyo na picha za bunduki polisi na forodha, upate jibu la maandishi kama zinaruhusiwa kuingia nchini, kabla ya kulipia mzigo.