Seli za kwenye sahani na hofu ya wapuliza mikorosho

Msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, vijana wa Newala na Tandahimba hutumiana habari moja kwa simu: kemikali fulani "imeua seli za korodani" kwenye sahani ya maabara. Wanaobeba mashine mgongoni wanaanza kuulizana kama watapata watoto. Utafiti wenyewe huenda ni wa kweli. Tatizo ni tafsiri.

"Ni seli za mwanaume kama mimi." Mara nyingi ni za panya. Ukoo mmoja wa seli zinazofugwa maabara, uitwao TM4, ni wa seli za Sertoli, aina mojawapo ya seli za korodani. Unatumika sana, ulielezwa na Jennie Mather mwaka 1980, na asili yake ni korodani za panya wachanga.

"Seli za Sertoli ndizo zinazotengeneza mbegu za kiume." Hazitengenezi, zinalea. Enrico Sertoli alizieleza mwaka 1865, na leo inajulikana kwamba zinalisha mbegu changa, na zikishikana zinajenga kizuizi kati ya mbegu hizo na damu. Testosteroni, homoni ya kiume, hutoka kwa majirani zao, seli za Leydig.

"Zikifa kwenye sahani, mpulizaji ni tasa." Hapa ndipo watu wanapopotea. Kwa mtu mzima, seli ya Sertoli imeacha kugawanyika tangu balehe. Ya maabara inagawanyika miaka nenda rudi, na ndiyo sababu inafugwa. Kwa hiyo imeshabadilika kabla hata kemikali haijamwagwa. Koo nyingi zimepoteza vipokezi vya homoni ya FSH, ambayo ndiyo inayoziamrisha mwilini. Tena sahani haina ngozi ya kuzuia dawa wala ini la kuivunja. Mtafiti anamwaga kemikali juu ya seli moja kwa moja, wakati swali la mkulima ni kiasi gani kinafika korodani baada ya kutwa nzima shambani.

"Basi maabara ni porojo." La hasha. Sahani inasaidia kuona kemikali inavuruga nini hasa: kile kizuizi, nishati ya seli, au mawasiliano yake na homoni. Jibu hilo hupelekwa kwa panya hai, kisha kwa watu. Na wanyama nao wasipuuzwe. Mwaka 1961 ilichapishwa kwamba DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, inasinyaza korodani za panya. Iliendelea kuuzwa. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja California walipimwa, wengine wakakutwa hawana mbegu kabisa. DBCP haina undugu na salfa tunayopulizia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, lakini tahadhari ni ileile: barakoa, glavu, kuoga ukirudi.

Mwenye wasiwasi apime mbegu hospitalini, akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga mbegu kabla ya kipimo. Mbegu huchukua siku kama 74 kukua, hivyo aliyepuliza Julai asitarajie kipimo cha Julai hiyohiyo kimweleze habari za msimu huo, asubiri Oktoba.