Je, wajua kwa nini maji ya angani hayadondoki?

Mwaka 2013, mwanaanga wa Kanada Chris Hadfield alilowesha kitambaa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kisha akakikamua mbele ya kamera. Halikuanguka hata tone. Maji yalikizingira kitambaa mithili ya ute mzito, yakatambaa hadi mikononi mwake, yakang'ang'ania hapo.

Wengi hudhani huko juu hakuna mvuto wa Dunia. Upo, tena mwingi: kituo hicho huzunguka umbali wa kilomita 400 hivi kutoka ardhini, na hapo mvuto bado ni takriban asilimia 90 ya huu tuliouzoea. Ila kituo, watu na maji vyote vinaanguka kwa pamoja huku vikiizunguka Dunia. Maji yataangukia wapi, ikiwa sakafu nayo inaanguka kwa kasi ileile?

Hapo ndipo mvutano wa uso wa maji, ambao huku chini huzidiwa nguvu na mvuto wa Dunia, unapotamba. Molekuli za maji hushikana, na zilizo usoni huvutwa kuelekea ndani, hivyo maji yaliyo huru hujikusanya kuwa tufe. Yakigusa ngozi au kitambaa, hunata na kusambaa. Kuchemka nako hubadilika: mapovu hayapandi juu, hubaki karibu na chanzo cha joto na kuungana kuwa povu kubwa.

Mwanaanga Don Pettit aliigeuza tabia hiyo kuwa msaada. Mwaka 2008 alikunja karatasi ya plastiki ikawa kikombe chenye kona kali upande mmoja, na kahawa ikawa inapanda yenyewe kupitia kona hiyo hadi mdomoni.

Lakini tabia hiyohiyo nusura iue. Tarehe 16 Julai 2013, Mwitaliano Luca Parmitano akiwa nje ya kituo alihisi maji kisogoni. Mfumo wa kupooza vazi lake ulikuwa unavuja. Ardhini maji hayo yangetiririka shingoni. Kule yalitambaa kichwani, yakamfunika macho na kuziba pua. Alirudi mlangoni kwa kupapasa, haoni vizuri, na zaidi ya lita moja ilikuwa imevujia ndani ya vazi. Baadaye NASA iliweka kwenye helmeti pedi za kufyonza maji nyuma ya kichwa, pamoja na mrija wa kupumulia.