Mama akisema "kitovu kimetoka", anamaanisha nini?

Mama akifika kliniki huku kwetu Mtwara, awe katoka Newala au Tandahimba, akasema "nesi, kitovu cha mtoto kimetoka", naombaga afungue khanga kwanza nione, mana hapo kuna mambo mawili tofauti kabisa. Mmoja anasema kile kipande cheusi kilichokauka kimedondoka, na hilo ni jambo la heri, kawaida kinadondoka ndani ya wiki moja mpaka mbili. Mwingine anasema kitovu kimevimba kimechomoza nje, hiyo ni ngiri ya kitovu.

Kiswahili chetu kinaita kitovu lile shimo la tumboni na kile kipande pia, wakati mtoto akiwa tumboni kile kipande ni sehemu ya kiungamwana, kamba ya kama nusu mita inayomuunganisha na kondo la nyuma. Ndani yake kuna mishipa mitatu, mmoja unampelekea damu yenye oksijeni na chakula, miwili inarudisha ile iliyotumika, na yote imezungushiwa ute mzito unaoitwa jeli ya Wharton, kwa jina la Thomas Wharton, daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1656. Ule mshipa mmoja haupotei, hata wewe unayesoma unao, umegeuka ukamba kutoka kitovuni mpaka kwenye ini. Na mkiona kwenye faili imeandikwa omfalitisi msishtuke na jina, maana yake ni maambukizi ya kitovu, Wagiriki kitovu walikiita omphalos na pale Delphi, mahali pao patakatifu pa kale, walikuwa na jiwe la jina hilohilo wakiamini ndio katikati ya dunia, kama sisi tunavyosema kitovu cha biashara.

Sasa bibi zetu wana hofu kwamba kile kipande kikidondokea uume wa mtoto basi ukubwani hatakuwa na nguvu za kiume. Bibi zangu, kile kipande kimeshakufa, hakina damu, hakiwezi kumfanya mtoto chochote. Kukizika nyumbani zikeni tu, ndio maana mtu anasema kwetu ni pale kilipozikwa kitovu changu. Ninachoomba kwa moyo wote ni msipake majivu, udongo wala samadi ya ng'ombe, pepopunda inakaa humohumo kwenye udongo na samadi, na pale kitovuni ni kidonda kibichi. Kiacheni kikavu, nepi ikunjwe chini yake, pakeni dawa mliyopewa na nesi tu. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, usaha, harufu, mtoto ana homa au hanyonyi, mleteni siku hiyohiyo.

Ngiri nayo msiifunge sarafu, haisaidii, nyingi zinajifunga zenyewe kabla mtoto hajafika miaka 5. Ila ikiwa ngumu, hairudi ndani ukiibonyeza taratibu, mtoto analia na kutapika, anahitaji daktari wa upasuaji, hata kama ni usiku wa manane tafuteni bodaboda mje.